Gari Alilochagua Mkunga

Marehemu alikuwa bado ameshika usukani kwa mkono mmoja.

Gari dogo jeupe lilikuwa limebinuka chini ya daraja la mawe, pua ndani ya kijito, magurudumu ya nyuma hewani. Ndani yake alikuwamo mama wa miaka sitini na ushee, sweta la kijani limefungwa vifungo vyote, mkanda umemkaza kifuani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye breki ya mkono. Alikuwa ameivuta mpaka mwisho.

Inspekta aliteremka bondeni akijishikilia kwenye majani, miwani ikiwa juu ya paji la uso kama kawaida yake. Askari wenzake walimwita Miwani, wakidhani hajui. Alijua, na hakujali.

"Nipe habari," alimwambia mkaguzi wa magari, aliyekuwa amelala chali chini ya bampa.

"Gia ya pili, afande. Breki ya mkono juu. Huyu mama hakusinzia. Amepigana na gari hili tangu kule juu mlimani."

"Na breki ya mguu?"

"Hakuna breki. Mpira unaopeleka mafuta gurudumu la mbele umepasuka. Tena haukupasuka leo. Njoo uone."

Inspekta alipiga magoti kwenye tope. Mpira wa breki ulikuwa umezungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kisha ukakazwa kwa waya. Pedi zilikuwa zimelika hadi kwenye chuma.

"Mjini, kwenye tambarare, lingekwenda," alisema mkaguzi. "Kwenye mteremko mrefu, breki ikishapata moto, basi tena."

Katika mkoba wa marehemu mlikuwa na kitambulisho cha mkunga mstaafu, zawadi mbili zilizofungwa kwa karatasi, na daftari dogo. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyezoea kuandika kadi za wajawazito: herufi nene, hakuna kilichofutwa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kichwa cha habari, *Gari la kwenda kwa mdogo wangu*, na chini yake maneno haya:

*Ofisi ya uwanja wa ndege: magari mapya, maneno mengi. Wananipa ligari likubwa kama nyumba. Mimi ni mtu mmoja.*

*Ofisi ya jirani na hoteli: kijana anasema gari litaletwa asubuhi, nisiwe na wasiwasi. Nikiambiwa nisiwe na wasiwasi ndipo ninapoanza kuwa nao.*

*Ofisi ya nyuma ya soko: wamenionyesha gari lenyewe. Nimelizungusha mtaani mara mbili, nimekanyaga breki mwenyewe, imeshika. Tumeandika kila mkwaruzo. Nachukua hili.*

Inspekta aliyasoma mara mbili. Hasira ilimpanda, na hakuwa mtu wa hasira. Mama huyu alikuwa amefanya kila analotakiwa mtu kufanya. Alikuwa ameuliza, ametazama, amejaribu. Ni wangapi kati yetu hufanya nusu ya hayo?

Juu barabarani, mdogo wake marehemu alikuwa ameketi kwenye ukingo wa daraja, kanga mbili begani, akitazama mlima badala ya bonde. Alikuwa ametembea kutoka kijijini kwake baada ya kuona watu wanakimbilia huku.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba. Nimeshapoa, mwanangu. Uliza unachotaka kuuliza."

"Alikuwa anakuja kwako?"

"Kwangu. Alikuja mjini kwenye mkutano wa wakunga, siku tatu. Akasema mkutano umekwisha, leo anakuja alale kwangu. Miaka kumi na mmoja hatujaonana, ni simu tu. Basi la huku linaishia njia panda, ndiyo akaona akodi gari."

"Mliongea asubuhi?"

"Saa moja, akitoka. Alikuwa na furaha huyo! Anasema mwenye magari amekuja mwenyewe kumpa funguo. Akamwambia ashuke milima kwa gia ndogo, asiitegemee sana breki. Akaniambia, 'Mdogo wangu, watu wa ofisi hii wana utu. Hata ule mkwaruzo wa mlangoni wameuondoa kabla sijaondoka.'"

Inspekta aliandika yote. Sentensi ya mwisho aliiandika kwa sababu huandika kila kitu, si kwa sababu aliielewa.

Aliporudi mjini, alikuta kesi imeshapata mwenyewe. Trafiki walikuwa wamesoma vibao vya namba, wakapiga simu ofisi ya nyuma ya soko, wakaletewa daftari la gereji. Daftari lilisema kwamba gari lenye namba zile lilifungwa pedi mpya na mipira mipya ya breki siku ya Jumatano, likajaribiwa, na fundi akatia sahihi. Gari lililoanguka lilikuwa na pedi zilizokwisha na waya. Fundi alikuwa ameandika uongo, na mtu amekufa. Kufikia saa nane alikuwa mahabusu, na redio zilikuwa zimeshatangaza.

"Jalada hili limejifunga lenyewe, afande," alisema Sajini, mwanamume mnene mwenye huruma nyingi na uvivu kiasi.

"Jalada likijifunga lenyewe mimi hulifungua," alisema Inspekta. "Twende nyuma ya soko."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, feni isiyozunguka, na ubao wa misumari tisa ya kutundikia funguo. Karani alikuwa na macho mekundu. Mwenye ofisi, ambaye wafanyakazi wake walimwita Tajiri kwa kuwa ndiye anayewaajiri, aliinuka kuwapokea. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri.

"Sijapata kuona msiba kama huu," alisema. "Miaka kumi na minane ya kazi."

"Gari lililoanguka ni lipi?"

"Tunaliita Kurwa. Tulinunua mawili siku moja, aina moja, rangi moja. Kurwa na Doto."

"Ni nani alimpa marehemu funguo?"

"Mimi."

Karani aliinua kichwa, kisha akakiinamisha. Inspekta aliona.

"Huwa unatoa funguo mwenyewe?"

"Mara mojamoja. Mteja alitaka kuondoka mapema."

"Ulimwambia asitegemee breki?"

"Ni ushauri wa kawaida. Milima ile ni mibaya."

"Doto liko wapi?"

"Amelichukua binti yangu. Alikuwa na usaili wa kazi leo, shule ya huko huko milimani. Atarudi kesho." Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi na kuikabidhi kwa mikono miwili. "Sisi hatufanyi kazi kienyeji, afande. Kila gari likitoka, karani na mteja wanalizunguka pamoja. Kila alama inaandikwa, mteja anatia sahihi. Tazama mwenyewe. Mimi nimetimiza yangu. Kama fundi amenisaliti, nitafanyaje?"

Ilikuwa fomu yenye mchoro wa gari lililotazamwa kutoka pande nne. Alhamisi, mkunga alikuwa ameweka misalaba saba kwa mkono wake. Kwenye mlango wa nyuma wa kushoto aliandika: *Mkwaruzo mrefu, kiganja na nusu, hadi kwenye bati.*

Inspekta aliikunja, akaitia mfukoni.

Jumapili asubuhi alimtoa fundi mahabusu, akamkalisha kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mtu mwembamba, mafuta meusi yamejikita kwenye mistari ya viganja vyake. Hakuwa amelala wala kula.

"Ulifunga pedi mpya kwenye Kurwa Jumatano?"

"Kwa mikono yangu hii."

"Gari lina pedi zilizokwisha. Na mpira wa breki umefungwa waya."

Fundi alinyanyua uso. "Waya? Juu ya tyubu ya baiskeli?"

"Unaujua?"

"Mimi ndiye niliyeufunga." Aliona macho ya Sajini, akainua mkono. "Subiri, afande, usiandike kabla sijamaliza. Niliufunga kwenye Doto. Si Kurwa. Tulitaka kulisogeza kutoka uani mpaka bandani, hatua thelathini tu. Nikamwambia Tajiri, gari hili lisitoke hata kwenda dukani, mpaka vipuri vije Jumatatu. Akasema amesikia."

"Nani mwingine alisikia?"

"Gerejini tulikuwa mimi na yeye."

"Kwa hiyo ni neno lako na lake."

"Ni neno langu na lake." Alivinyoosha viganja mezani. "Afande, mke wangu amesikia redioni kwamba nimeua. Mama yangu mzazi amesikia. Mimi sina shamba, sina duka, nina mikono hii tu. Nani atanipa breki zake nizishike tena?"

Walipotokea kwenye korido, Sajini alitikisa kichwa. "Anajitetea vibaya. Akisema kweli, basi Tajiri amempakia mwanawe wa kumzaa kwenye gari lisilo na breki, akamwelekeza mlimani. Baba gani huyo?"

Inspekta alisimama.

"Rudia."

"Nimesema, baba gani huyo?"

"Hakuna," alisema Inspekta. "Hakuna baba wa namna hiyo. Na Tajiri si kichaa. Kama fundi anasema kweli, binti hakupanda Doto. Lete funguo za uani."

Gari lilikuwa limevutwa hadi uani kwa polisi, limefunikwa turubai. Upande wa kulia ulikuwa umebondeka wote, lakini wa kushoto ulikuwa mzima. Inspekta alishusha miwani machoni, akafungua fomu, akapitisha kiganja juu ya mlango wa nyuma. Ulikuwa laini kutoka mwanzo hadi mwisho. Palikuwa na vumbi tu.

"Labda waliupiga rangi," alisema Sajini.

Mkaguzi wa magari aliukagua kwa taa na kifaa chake cha kupimia rangi. "Hii ni rangi ya kiwandani. Mlango huu haujaguswa tangu gari lizaliwe."

Ndipo Inspekta alipokumbuka maneno ya simu ya saa moja asubuhi. Mkunga alikuwa ameona. Alikuwa amezunguka gari kama alivyozoea, akakuta mkwaruzo haupo, na kwa wema wake akadhani wameutengeneza kwa heshima yake. Mteja hukagua asije akadaiwa mkwaruzo ambao haukuandikwa. Ulioandikwa ukikosekana, hushukuru. Inspekta alijisikia vibaya sana.

"Ajali huongeza mikwaruzo," alisema. "Haijawahi kufuta hata mmoja. Soma namba ya chasisi."

Mkaguzi aliisugua kwa kitambaa, akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja. Sajini alilinganisha na kadi za magari walizozichukua ofisini, na uso wake ukabadilika.

"Ni Doto," alisema. "Vibao ni vya Kurwa, gari ni Doto."

Bolti za vibao zilikuwa na vichwa vinavyong'aa, zimefunguliwa na kufungwa juzijuzi tu. Trafiki walikuwa wamesoma namba zilizo nje, kama ambavyo kila mtu angesoma.

Nyumbani kwa Tajiri walimkuta binti peke yake, amekunja suruali hadi magotini, ndoo ya maji kando, anaosha gari jeupe. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Aliwakaribisha kwa adabu, akasema baba yake yuko msibani, anamtafuta ndugu wa yule mama ampe pole.

"Usaili ulikwendaje?" aliuliza Inspekta.

"Nimepata." Alitabasamu, kisha akaona si siku ya kutabasamu. "Mwalimu wa sayansi. Nimesubiri miaka miwili."

"Ulikwenda na gari lipi?"

"Hili. Doto."

Inspekta alizunguka hadi mlango wa nyuma wa kushoto. Mkwaruzo ulikuwapo, kiganja na nusu, hadi kwenye bati.

Binti alishusha kitambaa. "Tafadhali usimwambie baba. Nadhani nimelikwaruza kule shuleni, kwenye lango. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia."

"Si wewe, mwanangu. Mkwaruzo huu uliandikwa Alhamisi. Hili si Doto."

"Si Doto?"

"Jana asubuhi nani alikupa funguo?"

"Baba. Ijumaa nilimwambia nitatumia Doto, ndilo ninalolizoea. Akakaa kimya, nikadhani amekataa. Jana, mapambazuko, nikamkuta uani gerejini na spana. Akasema amelirekebisha, niende nalo, liko sawa." Alikuwa anasema polepole sasa, kila neno likimgharimu. "Breki zilikuwa nzuri. Nikajua kweli amelirekebisha."

"Ulipita njia ya daraja la mawe?"

"Kama saa tatu na nusu. Watu walikuwa wamejaa. Sikusimama. Nilikuwa nachelewa usaili."

Akakaa chini kwenye maji yaliyomwagika, bila kuangalia anakaa wapi.

Jumatatu saa mbili asubuhi Tajiri aliletwa kwenye chumba kile kile alichokaa fundi. Inspekta alimsomea haki yake ya kukaa kimya. Akaweka fomu mezani, kisha picha ya mlango, kisha namba ya chasisi.

"Fomu hii umenipa wewe mwenyewe."

Tajiri aliitazama. Kwa miaka kumi na minane ilikuwa ngao yake dhidi ya wateja wakorofi, na alikuwa ameitoa kwa mazoea. Alibadilisha vibao vyote na stika za bima. Mikwaruzo hakuikumbuka.

"Vibao vilichanganywa gerejini," alisema. "Fundi atakuwa..."

"Fundi aliondoka Ijumaa saa kumi. Binti yako alikuona na spana."

"Mmeongea na binti?"

"Jibu swali langu kwanza. Ulijua breki za Doto ni mbovu?"

"Sikujua. Naapa. Fundi hakuniambia."

Inspekta alivua miwani, akaiweka juu ya fomu.

"Mzee wangu, binti yako aliomba Doto. Ndilo alilolizoea. Kama hukujua kwamba ni bovu, kwa nini ulimtoa mwanao ndani yake?"

Feni ilizunguka juu yao. Sajini aliacha kuandika. Mabega ya Tajiri yakashuka, na mtu mwenye shati lililopigwa pasi akaanza kulia kwa sauti, bila kujificha uso.

"Nilijua," alisema. "Nilijua. Nilikuwa na gari moja zima na watu wawili wa kulipanda. Mengine yote yalikuwa nje."

"Ungemwambia mmoja wao kwamba leo hakuna gari."

"Binti alisubiri usaili ule miaka miwili. Nilishindwa kumwangalia usoni. Na yule mama... yule mama aliwakataa wakubwa wa uwanja wa ndege, akanichagua mimi. Alisimama mbele ya karani wangu akasema, hapa ndipo nilipokuta watu waaminifu. Hakuna mteja aliyewahi kuniambia hivyo. Ningemwambiaje asubuhi kwamba gari alilolichagua nimempa mwanangu?"

"Ungemwambia hivyo hivyo."

"Ningeaibika, afande."

"Ndiyo. Ungeaibika."

Tajiri alijifuta kwa mkono wa shati. "Nikajiambia, huyu ni mtu mzima, anaendesha taratibu. Binti anakimbiza gari. Nikamweleza ashuke kwa gia ndogo. Nikasema, akifuata maneno yangu, atafika."

"Alifuata," alisema Inspekta. "Tumemkuta kwenye gia ya pili."

Tajiri aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza.

"Na fundi?"

"Sikumpanga. Trafiki waliomba daftari la Kurwa, nikawapa. Nilipoona wamemfunga pingu, nilitaka kusema. Kila saa ilipopita ikawa vigumu zaidi."

"Amelala mahabusu siku mbili kwa ugumu huo."

Tajiri aliandikiwa maelezo yake, akasomewa, akatia sahihi. Angeshtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na kwa vibao vya namba.

"Nakuomba kitu kimoja," alisema. "Binti asijue ni kwa ajili yake. Mwambieni nilichanganya tu magari. Ameanza maisha juzi."

Inspekta angependa kumpa hilo. Lakini halikuwa tena mikononi mwake.

"Yuko nje kwenye korido," alisema. "Ameleta Kurwa mwenyewe, na ameandika maelezo yake kabla yako. Nilimwambia hakuna wa kumlazimisha kutoa maelezo dhidi ya baba yake. Akasema anajua."

Fundi aliachiwa kabla ya saa nne. Inspekta alimwomba radhi mbele ya askari wa zamu, wazi, ili wasikie. Mke wake alikuwa amesimama langoni tangu alfajiri; walishikana mikono wakaondoka. Inspekta aliahidi kwamba redio zitatangaza na hili pia, na alikaa kwenye simu mpaka zilipokubali.

Binti wa Tajiri alikuwa bado kwenye benchi. Walimpitishia baba yake mbele, pingu mikononi. Baba alisimama. Binti aliinuka, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, mkubwa akipita unainuka. Hakumpa mkono. Tajiri akaongozwa mbele.

"Utataka kumwona kabla hajapelekwa mahakamani?" aliuliza Inspekta.

"Sijui. Si leo." Alikuwa amekaza meno asilie. "Afande, yule mama alikuwa na mdogo wake."

"Ndiyo."

"Anaishi karibu na ile shule?"

"Kijiji cha pili baada ya daraja."

"Nipe namba yake ya simu."

"Utamwambia nini, mwanangu?"

"Kwamba dada yake hakukosea kuchagua," alisema binti. "Gari alilolichagua lilifika. Mimi ndiye niliyekuwa ndani."

Inspekta alitafuta karatasi kwenye mifuko yote kabla hajaipata, akamwandikia ile namba.